SOFA LIMEKWAMA NGAZINI, NA HARUSI NI WIKI IJAYO!

Mabega yananiuma na kucha zangu zimejaa chokaa, na sababu yake ndiyo nitakayokusimulieni leo. Wale mliozoea kunisoma nikizungumzia mitindo ya nywele na namna ya kuokoa biriani lililoungua, wiki hii mtaniwia radhi. Leo tunaingia ndani, tena ndani khaswa. Chumbani.

Kaka yangu kaoa. Alhamdulillahi. Lakini kabla hajaoa alifanya kosa ambalo vijana wengi wa mjini tunalifanya: alinunua sofa kabla ya kupima ngazi.

Nyumba yetu ni ya bibi, iko ndani ndani ya Mji Mkongwe, ile mitaa ambayo hata vespa ikipita inakubidi ujibanze ukutani. Ni nyumba ya mawe, na ngazi zake unazipanda kama unapanda mnazi. Chumba alichopewa kaka kiko juu. Yeye kaliona sofa kwenye simu, lile la kona, la rangi ya majivu, ambalo siku hizi kila bwana harusi analitaka ili apige picha. Bei milioni moja na laki nane. Nusu akatoa akiba yake, nusu akakopa kwa wenzake kazini.

Siku lilipofika, mahamali wanne walilisukuma kwenye gari lao tokea Darajani huku wakipiga kelele "jamani, njia!" mpaka mlangoni. Likapanda ngazi saba, likagoma. Likalazwa ubavu, likagoma. Likafunguliwa miguu, likagoma vilevile. Kwa muda wa saa nzima hapana aliyeweza kupanda wala kushuka, na bibi yuko juu anataka kwenda msalani. Mwisho tukasikia sauti yake kutoka kule:

"Mjukuu wangu, nyumba hii imeingiza maharusi saba, na wote wamepanda kwa miguu yao. Hilo lisiloweza kupanda lirudi lilikotoka."

Likarudi. Kaka kabaki na deni, na harusi imebaki siku tisa.

KWANI CHUMBA KINA UPANA GANI?

Hapa nataka kukuambieni kitu ambacho hata mie niliyezaliwa ndani ya nyumba hizi nilikuwa sijakifikiria. Wazee waliojenga Mji Mkongwe walitumia mawe ya matumbawe, chokaa na udongo, na dari wakaibeba kwa boriti za mikoko. Sasa boriti ya mkoko haiwi ndefu kama unavyotaka wewe, inaishia pale ilipoishia. Ndiyo maana vyumba vingi vya nyumba hizi vina upana wa mita tatu hivi, pengine pungufu, na urefu ndio unaokwenda mbali. Chumba chembamba kama jahazi. Hata lile sofa la kona lingeingia, mke angelazimika kuliruka ili aende dirishani.

Kwa hiyo kabla hujatoa hata shilingi moja, chukua kamba. Pima ngazi pale zinapokata kona, pima mlango, pima chumba. Kamba haina gharama. Kaka yangu, aliyesoma hesabu mpaka kidato cha sita, hakupima. Mie niliyeishia cha nne ndiye ninayekuandikieni haya, basi mtaona wenyewe.

Turudi kwenye zile siku tisa. Upande wa mke wangekuja kuona na kutandika chumba, na nyote mnajua macho ya shangazi wa bi harusi yanavyopima. Chumba chenyewe kina kitanda cha kununua, kabati, na ukuta mmoja unaotia aibu. Kaka alikuwa kaupaka rangi ya mafuta miaka miwili nyuma, rangi ya buluu inayong'aa. Sasa umefura mapovu, unabanduka magamba kama samaki, na chini yake umetoka unga mweupe wa chumvi. Chumba kinanuka ukungu. Mama akasema tupake tena juu yake, siku mbili tatu za harusi zitapita tu. Nami, nasema kweli, nilikubaliana naye.

Akaja fundi mmoja mzee jirani yetu, mtu wa kazi za nyumba hizi tangu ujana wake. Akagonga ukuta kwa kifundo cha kidole, akasikiliza kama daktari, akauliza:

"Nani kakuambieni mumvishe huyu koti la mvua?"

Akatueleza. Ukuta wa mawe na chokaa hunywa maji, ya mvua na ya ardhini, kisha jua na upepo vikija huyatoa. Ndivyo ulivyo, unapumua. Ukiupaka rangi ya mafuta, au ukaupiga lipu ya saruji, umeuziba pua. Maji hayatoki tena. Yanakaa ndani, rangi inafura, chumvi inasukuma lipu mpaka inaanguka. Na balaa kubwa hulioni: vichwa vya boriti vilivyochomekwa ndani ya ukuta ule unaolowa vinaanza kuoza. Siku boriti ikikatika, huulizi tena habari za sofa.

Hapo mama kanyamaza. Hapana mtu wa mji huu asiyeikumbuka tarehe 25 Desemba 2020, siku ambayo sehemu ya Jumba la Maajabu la Seyyid Barghash, lililojengwa mwaka 1883, iliporomoka likiwa kwenye matengenezo na watu wawili wakafa. Sisemi kuwa kulikuwa na rangi ya mafuta, jambo hilo lina wataalamu wake. Nasema tu kwamba tangu siku ile watu wa nyumba za mawe tukisikia kitu kinadondoka usiku, tunaamka.

Basi tukaanza kukwangua. Mie, mama, binamu wawili na bwana harusi mwenyewe. Siku nzima. Palipokuwa na mashimo fundi akaziba kwa chokaa na mchanga, bila hata kijiko cha saruji, kisha akatuachia ukuta ukauke. Halafu ndiyo ikaja kazi ya kupaka, na hii nitaieleza vizuri kwa sababu unaweza kuifanya mwenyewe.

Unachukua chokaa iliyokwisha kulowekwa na kutulia. Ile ambayo bado haijaingia maji mwachie fundi, maana ukiimwagia maji inachemka na inaunguza. Unaichanganya na maji mpaka iwe nyepesi kama maziwa, unaichuja kwa kitambaa, unatia chumvi kidogo ili ishike. Bibi akaongeza buluu ya kufulia, ile ile ya nguo nyeupe, tone tu. Ukuta unaulowesha kwanza kwa maji, ndipo unapaka, nyembamba, usijaze. Vaa glavu na ufunge macho vizuri. Mie sikuvaa siku ya kwanza, na vidole vyangu vinajua.

Sasa mkono wa kwanza ukipaka hauoni kitu. Nikadhani tumeliwa. Ukuta uko vilevile, wa kijivu, kama umepakwa maji matupu. Nikaenda kulala nimekasirika. Asubuhi nimefungua mlango, ukuta mweupe! Chokaa hung'aa inapokauka. Tukaongeza mkono wa pili, na wa tatu, na chumba ambacho mchana tulikuwa tunawasha taa kikawa kina mwanga wake. Na fedha yote tuliyotumia kwenye chokaa haikufika bei ya kopo moja kubwa la ile rangi ya buluu.

Nikuambieni na ubaya wake. Chokaa itakuachia unga ukiegemea na nguo nyeusi, na inataka kurudiwa kila baada ya muda. Na chokaa yenyewe huchomwa kwenye tanuu kwa kuni nyingi, kwa hiyo mtu asije akakuambia kwamba haina gharama kwa miti yetu. Lakini ukuta uliopakwa chokaa ukiurudia huhitaji kubomoa kitu. Unapaka juu yake tu.

Jambo jengine, kabla sijasahau. Kupaka chokaa chumbani kwako ni shauri lako. Lakini ukitaka kutoboa ukuta, kung'oa dirisha la mbao uweke la kioo, au kubadili mlango, hilo si la kuamua wewe na fundi wako kwenye baraza. Kuna Mamlaka ya Hifadhi na Uendelezaji wa Mji Mkongwe, ipo tangu mwaka 1985, nenda kaombe ruhusa. Mji huu umo katika orodha ya urithi wa dunia ya UNESCO tangu mwaka 2000, na dirisha lako nalo limo.

TUKACHAKURA STOO

Tulipolisogeza kabati ili tukwangue nyuma yake tukakuta ubao wa plaiwudi umepigiliwa misumari. Kaka akaung'oa. Nyuma yake zidaka mbili! Vile vishubaka vya ukutani vya wazee wetu, vimezibwa sijui na nani, ndani mna vumbi na kibatari kimoja.

Bibi alipoviona alikaa kitandani. Akasema mamake alikuwa akipanga mle sahani za maua na chupa za marashi. Ikanijia akilini kwamba Sayyida Salme, binti wa Seyyid Said, katika kumbukumbu zake zilizochapishwa Ujerumani mwaka 1886, ameeleza jinsi vyumba vya nyumba kubwa za Unguja vilivyopambwa kwa zidaka zilizojaa vyombo vya kioo na vya udongo wa thamani, pamoja na vioo vikubwa na saa kutoka Ulaya. Yaani pambo la chumba cha Kiunguja tangu zamani ni ukuta wenyewe. Vyombo vinakaa ndani ya ukuta, na chumba chembamba kinabaki na nafasi. Sisi tukaziba kwa plaiwudi, tukaenda kununua rafu ya kupigilia, ambayo kwa ukuta wa chokaa msumari wake haukai wiki mbili.

Basi ikawa kuchakura. Stoo ya bibi ni kama bandari. Limetoka kasha la mbao lenye njumu za shaba, kufuli yake haifungi tena. Tukalipangusa, shaba tukaisugua kwa ndimu na majivu mpaka ikawaka. Likawekwa chini ya dirisha, juu yake mto: ndiyo kiti hicho, na ndani yake ndiyo sanduku la mashuka. Kikatoka kioo kirefu kilichopasuka pembeni. Tumekiweka kuelekeana na dirisha, pale pasaa palipopasuka pamefichwa na kabati, na mwanga unaongezeka maradufu. Yakatoka mabirika mawili na saa ya ukutani isiyokwenda. Saa nilisema itupwe. Bibi akasema saa isiyokwenda haimkumbushi mtu kuondoka, iwekwe. Ikawekwa zidakani.

Mto tuliuweka sufi. Godoro la zamani la bibi lilikuwa la sufi ya msufi, limekandamana kama mkate. Tukalifumua, tukaianika sufi juani juu ya dari, tukaichambua kwa mkono (vaeni kitambaa puani, jamani), tukapata mito mitano. Sponji hatukununua hata kipande.

Sakafuni kulikuwa na mkeka wa plastiki. Mie nina ugomvi wangu binafsi na mkeka wa plastiki. Zanzibar tulipiga marufuku mifuko ya plastiki tangu mwaka 2006, Bara wakafuata Juni 2019, tukajisifu sana. Vikapu vya ukindu vikarudi sokoni. Halafu nyumbani tumetandika nini? Plastiki. Maua zidakani? Plastiki. Ukichakaa mkeka ule hauozi, unaenda jaani Kibele au unaenda baharini. Mkeka wa ukindu ukichakaa unarudi kuwa udongo.

Na ukindu usiudharau, una kazi. Kwanza hukatwa kuti changa la mkindu, likakaushwa, likachanwa, likachemshwa na rangi, kisha husukwa ukili mrefu mwembamba. Ukili ule ndio unaoshonwa, mzunguko kwa mzunguko, mpaka ukawa mkeka. Mama mmoja hukaa nao wiki nzima na zaidi. Ushauri wangu: usinunue kwenye duka la watalii, utalia. Nenda shamba, muulize msukaji mwenyewe, mwambie upana wa chumba chako. Atakushonea kwa kipimo, na bei yote inaingia mkononi mwake. Sisi tulipata wa mita mbili na nusu, wenye zambarau na kijani. Pesa yake tulitoa kwenye ile ya lile sofa iliyorudishwa, na habari zake zinakuja.

Rafu tuliyoihitaji tumeitundika kwenye boriti. Ubao mmoja wa mfenesi uliobaki kwenye kitanda cha zamani, na kamba za usumba pande zote mbili. Mkipita Paje au Jambiani bahari ikitoka mtawaona kina mama wakifukua makumbi. Waliyafukia mchangani miezi mingi iliyopita, sasa wanayapigapiga mpaka usumba utoke, kisha wanasokota kamba mkononi. Kamba ile inabeba ng'ombe, itashindwa na vitabu vyako?

Ila usiniambie ununue boriti mpya eti ili chumba kionekane cha kizamani. Nimeona mahoteli wanaofanya hivyo. Mikoko ya ghuba ya Chwaka ndiyo kitalu cha samaki tunaokula, na hatukutangaza Hifadhi ya Taifa ya Jozani na Ghuba ya Chwaka mwaka 2004 ili watu wapate pa kutundikia taa. Boriti kuukuu zipo, kila nyumba ikibomolewa zinatolewa. Ulizia hizo.

Taa tulitengeneza kwa kawa. Lile lile la kufunikia chakula, tukalitoboa juu, tukapitisha waya, tukatia balbu ya umeme mdogo isiyopata moto. Usiku ukuta wote unachorwa maua. Na kama una chupa tupu, jua kwamba hapa hapa Unguja wapo Chako, wanaochukua chupa za mahotelini na kuzigeuza taa na gilasi. Mie nyumbani chupa sikati, naogopa damu. Nimeosha tatu za rangi ya kijani, nimetia mrehani. Tena usishangae, kule Lamu mwaka 2018 walishusha majini jahazi lililoundwa kwa taka za plastiki na ndala kuukuu, Flipflopi, na mwaka 2019 likasafiri mpaka huku Unguja. Mtu akisafiri kwa ndala, wewe chupa yako moja inakushinda?

KANGA ILITAKA KUTUTOA ROHO

Mapazia ndiyo niliyojitia fundi peke yangu. Kitambaa cha pazia ghali, kanga mama anazo kabatini mpya hazijakatwa. Nikachukua doti moja nzuri, nyekundu na nyeusi, nikaipiga pindo juu, nikaitundika. Nikarudi nyuma kuangalia. Nzuri! Siku ya wakwe ikafika, asubuhi bibi kaingia kuhakiki, kasimama mbele ya dirisha, kaweka mkono kinywani.

Jina la kanga: HASIDI HANA SABABU.

Jamani! Shangazi wa bi harusi yuko chini anavua viatu, mie niko juu ya kiti nageuza pazia maandishi yaangalie nje. Kwa hiyo mpaka leo ujumbe ule wanausoma jirani zetu wa dirisha la pili, nao wameanza kutununia. Msomaji wangu, soma kanga kabla hujaitundika.

Harufu alishughulikia mama. Hakuna kopo la kupuliza lililoingia mle. Karafuu kavu kwenye kitambaa ndani ya kabati, wadudu wasile nguo. Udi kidogo jioni. Asumini juu ya mito.

Shangazi kaingia. Hakusema neno. Kapitisha kidole ukutani, kikatoka cheupe, akakitazama. Nikaona tumekwisha. Kaangalia zidaka, kaangalia kasha, kainua kifuniko, kanusa. Halafu akakaa juu ya ule mto wa sufi, akamgeukia bibi yangu:

"Nyumba yetu ya Malindi tulikuwa nazo hizi zidaka. Tukaziziba."

Wakaanza kuzungumza wale wawili, habari za watu waliokwisha kufa, mpaka chai ikapoa. Wifi yangu baadaye akaniambia kwamba shangazi huyo alikuja na orodha ya vitu vinavyopungua, imeandikwa karatasi nzima. Hakuitoa mkobani.

Ukungu umeondoka. Wifi ana kifua chepesi na mwezi wa kwanza wote wa masika hakukohoa, na kila Jumamosi anafungua madirisha yote mawili upepo upite.

Na lile sofa? Lile duka, silitaji jina, lilikubali kulipokea lakini likakata laki tatu, eti la "usumbufu". Kaka bado anawalipa wenzake kidogo kidogo. Juzi nilipita pale na wifi. Bado lipo, limewekwa nje chini ya kibanda, limefunikwa nailoni, paka amelala juu yake. Wifi kaliangalia, kaangalia na mlango wa duka, kisha akaniuliza: "Hivi hapa dukani waliliingiza vipi?"